Mashahidi wa Ukurasa Mweupe

Shahidi wa kwanza siku hiyo alikuwa fundi wa mashine za kusaga, na alikuja amevaa koti alilofungia ndoa.

"Umependeza, baba," msimamizi, Subilaga, alimwambia. "Ukitoka hapa unakwenda sherehe gani?"

"Hakuna sherehe. Nimeambiwa mtu akiingia humu anasimama mbele za Mungu. Ulitaka nije na ovaroli?"

Gwakisa, msaidizi wake, aliyekuwa akifunga mlango wa chumba cha pili, alicheka. "Mungu anaijua ovaroli yako, mzee. Ile yenye grisi mpaka kwenye kola."

"Na wewe anakujua," fundi alijibu. "Ndiyo maana amekuacha mlangoni."

Nyumba ya Ushahidi ya Tukuyu ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta mnene wa matofali katikati. Katika chumba kimoja alikaa shahidi wa hapahapa. Katika cha pili alikaa shahidi aliyetoka mbali, ambaye yule wa kwanza hakumjua wala hakuwahi kumwona. Wote wawili walikuwa wamefunga tangu asubuhi. Wote wawili waliinua mkono na kuapa kwamba hawatasema ila kweli. Kisha kila mmoja alieleza jambo lilelile kwa mdomo wake, na kioo kilichokuwa juu ya meza ya Subilaga kiliwasikiliza wote.

Jambo la siku hiyo lilikuwa namna ya kupanga nyundo za mashine ya kusaga zisipasue chekeche. Ukurasa wake ulikuwa umefunguliwa kwenye kioo, wa njano kuanzia juu hadi chini. Fundi alianza kusema. Upande wa pili wa ukuta, mwanamke mmoja kutoka Makete, aliyewahi kumiliki mashine ya kusaga, naye alikuwa akisema. Maneno yao yalipokutana, mstari uligeuka mweupe. Mstari wa pili. Wa tatu. Mwisho ukurasa wote uliwaka mweupe kama shuka iliyoanikwa juani.

"Neno kwa neno, dada," Gwakisa alinong'ona. "Hata pale walipovuta pumzi."

Subilaga alifumba macho na kushukuru. Aliamini kwamba kweli ni moja, na kwamba watu wawili wanaomcha Mungu, hata wakitenganishwa na ukuta, watasema kitu kimoja. Kila ukurasa uliogeuka mweupe ulikuwa kwake kama sala iliyojibiwa.

Kurasa hizo zilitoka mahali ambapo wazee waliwahi kupaita intaneti. Baadaye, vitabu vyote vya dunia vilipokwisha kuingizwa humo, na barua, na picha, na sauti za watu, jina hilo likaonekana dogo, na watu wakasema tu Maktaba. Vitabu vya karatasi vilipelekwa viwandani kutengenezea maboksi. Nani angeweka kabati la vitabu nyumbani, wakati mtoto wa darasa la kwanza aliweza kuuliza chochote ambacho binadamu amewahi kukijua, na akajibiwa kwa lugha ya mama yake?

Kisha ukaja Mwaka wa Moto, na maghala ya Maktaba yakaungua, bara baada ya bara. Iliyobaki ilikuwa kama nguo iliyoliwa na panya. Wahandisi wakaitengenezea akili ya kujijazia: palipokuwa na tundu, mashine iliangalia maneno yaliyosalia pande zote, ikafuma yale ambayo yangefaa kuwa katikati. Ilifuma vizuri mno. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba yenyewe haikujua wapi inakumbuka na wapi inafuma. Mwanzoni watu walikunywa maji yaliyosafishwa kwa maelezo yaliyofumwa, wakazikwa. Ndipo ikawekwa sheria kwamba kila kilichojaziwa kipakwe rangi ya njano, na kwamba hospitali, shule na karakana zisiguse ukurasa wa njano mpaka mashahidi wawili hai wauthibitishe.

Mikoa mingine ilisuasua. Mashahidi wao walibishana, walisahau, walitukanana ukutani. Tukuyu ilisifiwa kote. Watu wa Tukuyu hawakukwama.

*

Mchana Subilaga alikwenda hospitali ya mlimani kumwona binti yake Enesi. Alimkuta na mgeni. Mama Mwakibete, muuguzi mstaafu kutoka Kyela, alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda akifungua bakuli la mbalaga, na harufu ya ndizi zilizopikwa na maziwa ilikuwa imefunika harufu ya wadi.

"Kula, mjukuu wangu. Umekonda mpaka unaweza kupita kwenye tundu la sindano. Nani atakuoa?"

"Nimeshaolewa na kitanda hiki, bibi," Enesi alisema. "Mume mzuri. Hanywi pombe wala hatoki."

Walicheka wote, na Subilaga alisimama kidogo mlangoni ili asikie kicheko hicho mpaka mwisho. Kabla ya msimu wa mvua Enesi hakuweza hata kukaa. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na siku moja alianguka ubaoni akiwa na chaki mkononi. Damu yake, daktari alisema, ilikuwa imegeuka kujila yenyewe. Hapakuwa na dawa iliyokuja kutoka viwandani tena, lakini Maktaba ilikuwa na ukurasa wa namna ya kuichanganya, na ukurasa huo ulithibitishwa palepale Tukuyu. Sasa Enesi alikaa, alitania, alikula. Siku za karibuni alilalamika tu kwamba ncha za vidole zinakufa ganzi. Subilaga alimletea soksi na glovu za sufu, akasema ni baridi ya Rungwe.

Muuguzi alipita na sinia la vikombe. Enesi alikunja uso, akanywa, akarudisha kikombe.

"Hiyo dawa," Mama Mwakibete alisema kwa fahari, "ni mimi niliyeisemea."

"Nakumbuka, mama," Subilaga alisema. "Hukukwama hata mara moja."

"Ningekwamaje? Jana yake nilikuwa nimeisoma mpaka ikanikaa."

Subilaga alikuwa akikunja blanketi. Mikono yake ilisimama. "Uliisoma wapi?"

"Kwenye Maktaba, mwanangu. Wapi tena?"

"Mama, ilikuwa ya njano."

"Ya njano ndiyo, lakini ilikuwa imeandikwa vizuri, inaeleweka." Mama Mwakibete alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa ulitaka nifanyeje? Uuguzi nimeuacha siku nyingi. Kichwa chenyewe hiki cha kibibi. Nisimame niape kwa jina la Bwana, halafu nianze kubahatisha? Hiyo si dhambi? Nilifunga, nikaomba, nikaona kwanza nihakikishe nisije nikasema uongo."

Enesi alikuwa bado anatabasamu, akidhani ni mazungumzo ya kawaida. Subilaga alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kabla hujaisoma," alisema polepole, "wewe mwenyewe ulikuwa unakumbuka nini?"

Bibi alifikiri. Alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe, ukashika kitu kisichoonekana, ukamimina, ukatikisa. Kisha ukaenda kushoto, ukanyoosha vidole, ukabaki umening'inia hewani.

"Ajabu," alisema. "Mkono unataka chupa nyingine."

"Chupa gani?"

"Sijui. Kwenye ukurasa hakuna chupa ya pili." Alifumbua macho, na yalikuwa yamejaa machozi ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. "Nilikuwa na kitu, Subilaga. Nilikuwa nacho. Niliposoma ile ya Maktaba, imepangwa vizuri namna ile, cha kwangu kikaondoka."

*

Subilaga alimfuata fundi wa mashine nyumbani kwake. Alimkuta ameshalivua koti, amevaa ovaroli, akamuuliza kama aliusoma ukurasa kabla ya kuapa.

"Kwani nilikosea?" fundi aliuliza, na hofu ikamwingia usoni. "Mama, mimi nimekariri siku mbili nzima. Wewe ulipoingia kipaimara ulikwenda bila kukariri? Mchungaji si angekurudisha?"

Subilaga alitoka. Aliwapigia simu mashahidi wengine. Mwalimu mstaafu wa kemia alisema alijikumbusha, ndiyo, kwa heshima ya kiapo. Fundi umeme alisema mkewe alimsimamia akimsikiliza mpaka akaweza. Mwanamke wa Makete alisema kwao kanisani mtu hasimami kutoa ushuhuda bila kujiandaa, ni dharau. Mfamasia mzee wa Busokelo, aliyekaa upande wa pili wa ukuta siku ya dawa ya damu, alisema kwa sauti ya kujivunia kwamba alikesha juu ya ukurasa ule kwa magoti.

Hakuna hata mmoja aliyedanganya. Hilo ndilo lililomvunja Subilaga. Angekuta mwizi angejua la kufanya. Alikuta watu waliomwogopa Mungu kiasi cha kutoamini vichwa vyao wenyewe, wakaenda kuiuliza Maktaba ileile waliyoitwa kuithibitisha. Watukutu wa mikoa mingine, waliobishana na kukwama, labda walikuwa wamesema wanachokijua. Tukuyu ilisema inachokisoma. Maktaba ilikuwa imejiuliza yenyewe kupitia midomo yao, ikajijibu, na yeye akaipaka weupe.

*

Daktari Atuganile alimsikiliza akiwa amesimama, mgongo wake ukiwa dirishani.

"Kurasa zipi?" aliuliza.

"Zote. Kila ukurasa uliotoka mikononi mwetu."

"Bora usingeniambia." Daktari alivua miwani. "Unajua umenifanya nini? Nusu ya dawa za hospitali hii ni kurasa zenu. Dripu ni yenu. Ganzi ya upasuaji ni yenu. Ukizirudisha njano leo, kesho sheria inanifungia stoo."

"Lakini kama ni za uongo?"

"Nani kasema ni za uongo? Mashine inafuma vizuri. Njano nyingi ni sahihi."

"Nyingi kiasi gani?"

"Sijui."

"Na dawa ya Enesi?"

"Sijui, mama. Amekaa kitandani, si amekaa? Alikuwa hawezi."

"Vidole vyake vinakufa ganzi."

Daktari aligeukia dirisha. Chini uani wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakicheka juu ya jambo fulani.

"Vijana wawili wa wadi ya wanaume wanaoinywa dawa hiyo vidole vyao vimekuwa vyeusi," alisema daktari. "Inaweza kuwa ugonjwa wenyewe. Inaweza kuwa dawa. Nikiiuliza Maktaba itanijibu sasa hivi, na itanijibu kwa ufasaha. Na mimi unadhani nimesomea wapi? Kwa mtu? Waliokuwa wanajua kwa mikono yao tumewazika, na wachache waliobaki ninyi mmewakaririsha."

"Mama Mwakibete anasema mkono wake unatafuta chupa ya pili."

"Ya nini?"

"Hajui."

Daktari alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Basi hapo ndipo elimu yote ya binadamu ilipoishia. Kwenye mkono wa bibi usiojua unatafuta nini." Alivaa miwani tena. "Mimi sitakushauri. Ukinyamaza, watakufa wale ambao kurasa zao ni mbovu, na hatutajua ni akina nani. Ukisema, watakufa wale ambao kurasa zao zilikuwa nzuri, na hatutajua pia. Nenda kaombe. Wewe ndiye unayeomba."

Aliomba. Aliingia katika kanisa dogo la hospitali na kupiga magoti kwenye saruji mpaka magoti yakaacha kuuma. Aliomba aonyeshwe, kama alivyoomba maisha yake yote. Hakuonyeshwa kitu. Alichosikia ni kiapo tu, sauti baada ya sauti, sitasema ila kweli, na yeye kila mara akijibu, Amina.

*

Alimweleza Enesi. Hakutaka, lakini hakuweza kukaa naye akinyamaza.

Enesi alisikiliza huku akivifinya vidole vyake kimoja kimoja, kama anayehesabu watoto mstarini.

"Kwa hiyo ukiurudisha ukurasa njano, muuguzi haruhusiwi kunipa dawa."

"Haruhusiwi."

"Na bila hiyo?"

Subilaga alilinyoosha blanketi lake.

"Nitarudi kama zamani," Enesi alijijibu. "Nilale tu. Halafu."

"Lakini labda ndiyo inayokuua."

"Labda." Aligeuza uso ukutani. "Wanafunzi wangu wakisema labda nilikuwa nawaambia, nendeni mkatafute jibu kwenye Maktaba." Sauti yake ikavunjika. "Mama, mbona umekuja kuniuliza mimi? Ukiniuliza nitasema niache ninywe. Waache na wale vijana wanywe, mimi niache ninywe. Naogopa. Usiniulize mimi."

Subilaga alimshika miguu juu ya blanketi. Ilikuwa ya baridi. Alitoka bila kuaga, kwa sababu kuaga kungekuwa kumwambia kwamba ameshaamua.

*

Katika Nyumba ya Ushahidi, Gwakisa alisimama mbele ya kioo na kutandaza mikono kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

"Dada Subi, nakuomba. Nje ya hospitali, wewe peke yako ndiye unayejua."

"Na wewe."

"Mimi nimeshasahau. Angalia, nimesahau." Alijaribu kucheka. "Usipofanya kitu, hakuna mtu duniani atakayejua."

"Ndiyo, Gwakisa. Hakuna mtu duniani atakayejua. Hilo ndilo linalonitisha."

"Na Enesi?"

Alimpita. Sheria ilisema kiganja cha msimamizi kinaweza kufuta alichokithibitisha, na kwa kuwa kurasa zote zilikuwa zimepita mkononi mwake, zote zilimtii. Alifikiri juu ya kubakiza mmoja tu. Ulikuwa pale, dawa ya damu, mweupe, unamngoja. Angeweza kuufunika kwa kidole. Mungu alimwona akifikiri hivyo, na alimwona akifikiri kwa muda mrefu.

Kisha aliweka kiganja chote.

Njano ilianza pembeni na kwenda ndani. Nyundo za mashine. Dripu. Maji ya kunawa majeraha. Namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Dawa ya damu. Gwakisa alikaa sakafuni na kujifunika uso. Kurasa zilipita moja baada ya nyingine, na karibu na mwisho ukapita ukurasa mdogo ambao Subilaga alikuwa ameusahau: sala ambazo akina mama wa Rungwe huwaombea watoto wagonjwa. Shahidi wa upande huu alikuwa yeye mwenyewe. Alisemea sala ya marehemu mama yake, ile aliyomwombea akiwa na homa utotoni, mkono juu ya paji la uso.

Siku ile pia alikuwa amejiandaa. Alikumbuka sasa. Alikaa jikoni na kioo magotini, akaisoma mara kadhaa, ili asimkosee mama yake.

Ukurasa ukageuka njano.

*

Sinia la vikombe liliingia wadini kama kawaida. Muuguzi alifika kitanda cha kwanza, akakitazama kioo kilichokuwa ukutani, akasimama. Aligusa kioo kana kwamba kimekosea. Kisha aligeuza sinia taratibu ili dawa zisimwagike, akarudi nazo alikotoka.

"Nesi!" mwanamke mmoja aliita. "Nesi, umeniruka!"

Wagonjwa walianza kuulizana. Baba wa mmoja wa vijana wale wa wadi ya wanaume aliingia mlangoni, akamwona Subilaga kando ya kitanda cha Enesi, akajua nani aliyezuia dawa.

"Ni wewe," alisema. "Wewe si ndiye uliyetuambia ni kweli? Tulikuita mtumishi wa Mungu."

"Ndiyo, baba."

"Na sasa je? Ni kweli au si kweli?"

"Sijui, baba."

Mzee alimtazama kama anayesubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. Akatoka.

Enesi alikuwa amelala ubavu. Hakulia wala hakumlaumu. Alisema tu, "Niombee ile ya bibi," kama alivyokuwa akisema alipokuwa mdogo.

Subilaga aliweka mkono juu ya paji la uso wa binti yake na kufungua mdomo. Sala ilikuja yenyewe. Maneno yalikuwa laini, yamepangwa, kila moja likilifuata lenzake bila kukwama, na kulikuwa humo na uzuri ambao mama yake, mwanamke aliyegugumiza na kuanza upya kila alipoomba, hakuwahi kuwa nao. Aliacha katikati.

Alitafuta chini ya maneno hayo. Alitafuta jiko, moshi, harufu ya kanga, sauti. Palikuwa na mkono wa mama yake tu. Mkono mkavu, wa baridi, juu ya paji la uso.

"Mbona umeacha?" Enesi aliuliza.

"Bwana," Subilaga alisema. Alikwama. Alianza tena. "Bwana, huyu ni Enesi. Anaogopa. Mimi... Mimi sijui kitu."

"Hiyo siyo ya bibi."

"Siyo."

"Ni ya nani?"

"Yangu."

Enesi alifumba macho. Vidole vyake, ndani ya glovu za sufu, vilikuwa juu ya mkono wa mama yake, na Subilaga hakuweza kujua kama binti yake anauhisi.